Mtoto Katika Njia ya Shule

Neno ajali lina historia yenye kustahili kufikiriwa. Liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya muda uliowekwa, yaani ile saa ya mwisho ambayo mwanadamu haipiti. Kiswahili hakikuitupa maana hiyo. Kiliiongezea nyingine, nayo ni msiba wa ghafula: jahazi kuzama, mti kuangukia nyumba, gari kugonga mtu. Maana mbili hizi zimekaa katika neno moja kwa muda mrefu hata mpaka baina yake umefutika. Mtoto akigongwa na gari asubuhi akienda shule, husemwa kuwa amepata ajali; na kwa neno hilo moja msiba umetajwa na sababu yake imetajwa pia, kana kwamba saa ile ilikuwa imekwisha andikwa na gari lilikuwa mjumbe tu. Methali humaliza kazi iliyoanzwa na neno: ajali haina kinga. Baada ya methali hiyo hapana maswali. Pana matanga, na kesho yake watoto wengine hupita pale pale.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, kifo cha mtoto katika njia ya shule ni ajali katika maana ile ya kwanza, yaani kudura isiyozuilika, au ni matokeo ya mambo yaliyochaguliwa na wanadamu? Jibu lake si jambo la wanazuoni wa lugha peke yao. Likiwa ni kudura, wajibu wa walio hai ni subira. Likiwa ni matokeo ya uchaguzi, subira hiyo hiyo hugeuka kuwa dhambi ya kunyamaza.

Mfano wa karibu ni asubuhi ya siku ya shule katika jiji la Dar es Salaam. Kabla jua halijapanda watoto wenye mashati meupe na kaptura au sketi za buluu hutoka vichochoroni, wakaingia katika barabara. Wengi huenda kwa miguu, na wengi huenda bila mtu mzima. Upande mmoja wana mtaro, upande wa pili wana magari. Mahali palipopasa kuwa pa waenda kwa miguu pana meza za wachuuzi, pana pikipiki za bodaboda zinazongoja abiria, pana magari yaliyoegeshwa. Mtoto akifika hapo hana njia ila kushuka katika lami, akatembea hatua kumi au ishirini pamoja na daladala na malori, kisha akapanda tena kando. Hufanya hivyo mara nyingi kwa safari moja, na safari ni mbili kila siku. Hatari hii si ya jiji moja wala ya nchi moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu kiasi cha milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba misiba ya barabarani huua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote.

Kama hesabu hiyo ingekuwa kazi ya kudura tupu, ingetazamiwa isambae bila kuchagua. Lakini inachagua. Huwaangukia watoto wa maskini zaidi ya watoto wa matajiri. Tena hurudi mahali pale pale. Mkazi yeyote wa mtaa ulio kando ya barabara kuu akiulizwa mahali ambapo watoto hugongwa, hahitaji kufikiri, hunyosha kidole. Jambo ambalo mahali pake pajulikana, saa yake yajulikana na watu wake wajulikana haliwezi kuitwa la ghaibu. Wale wasemao kuwa ajali haina kinga hufunga milango yao usiku, huchemsha maji ya kunywa na hulala ndani ya vyandarua. Wala hawaoni kuwa kwa kufanya hivyo wamepungukiwa na imani. Methali yao basi hawaiamini katika nyumba zao. Huiamini barabarani tu, mahali ambapo kinga ingemgharimu mtu mwingine.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Husemwa kwamba kinga ipo, lakini imo mikononi mwa mtoto na wazazi wake. Mtoto afundishwe kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, asikimbie, asicheze barabarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapana mtu mwenye akili atakayesema mafundisho haya hayafai. Walakini, mafundisho yana kikomo, na kikomo chake ni maumbile ya anayefundishwa. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Uswidi, Stina Sandels, alitoa kitabu juu ya watoto wadogo katika msongamano wa magari, baada ya kuwachungua kwa miaka mingi. Aliona kuwa mtoto mdogo hawezi kwa kufundishwa tu kugeuzwa awe mtumiaji salama wa barabara, na kwamba mazingira ya magari ndiyo yanayopasa kulinganishwa na mtoto. Mtoto ni mfupi: gari lililoegeshwa humfichia barabara, na humficha yeye mbele ya macho ya dereva. Hajui vema kupima mwendo wa kitu kinachomjia. Akili yake hushika jambo moja kwa wakati mmoja. Akiona mwenzake ng'ambo, ng'ambo ndiyo dunia nzima. Haya si makosa ya malezi. Ndiyo utoto wenyewe.

Sheria inajua jambo hili vizuri mahali pengine pote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimhesabu mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 kuwa na hatia ya jinai. Sheria ya mikataba haimkubali aliye chini ya miaka 18 ajifunge kwa mapatano ya mali. Mtoto wa miaka saba akiiba embe, hakimu hamfungi, kwa kuwa akili yake haijafikia kupima tendo na matokeo. Mtoto huyo huyo akikosea kupima mwendo wa lori, hukumu hutolewa papo hapo, nayo haina rufani. Jamii inayomsamehe mtoto mahakamani na kumhukumu barabarani haijakubaliana na nafsi yake. Ama mtoto ana akili ya kutosha kubeba dhamana ya maisha yake, ama hana. Ikiwa hana, dhamana hiyo haipotei kwa sababu mtoto hawezi kuibeba. Hapana budi ibebwe na mkubwa.

Mkubwa yupi? Watu wengi watajibu: mzazi, amshike mkono. Jibu hili ni jepesi kwa mwenye nafasi. Mama anayeuza vitumbua huwa jikoni usiku haujaisha. Baba anayebeba mizigo sokoni huondoka alfajiri. Na mwenye watoto watatu katika shule mbili ana mikono miwili tu. Na hata mzazi anayemshika mwanawe mkono hufika katika barabara isiyo na kivuko, akasimama kando yake akiwa hana uwezo zaidi ya mtoto. Kumtwisha mzazi dhamana ya mwendo wa gari asiloliendesha, katika barabara asiyoichora, ni kumdai mtu deni asilokopa.

Kanuni ya insafu iliyo wazi katika maisha ya kila siku ni kwamba aletaye hatari ndiye anayedaiwa hadhari. Mwenye mbwa mkali humfunga mbwa; hawaambii majirani wafunge watoto wao. Anayechimba kisima hukizungushia ukingo. Mbele ya barabara tu kanuni hii imepinduliwa: mwenye kilo elfu za chuma ametolewa wajibu, na mwenye mkoba wa madaftari ametwishwa.

Itafaa kupima kwa hesabu kile kinachoombwa kwa dereva. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hupita kiasi cha meta 14 katika sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva aliyeshtuka haujagusa breki. Kwa kilometa 30 kwa saa hupita kiasi cha meta 8. Tofauti ya meta sita ni upana wa barabara ndogo. Ni tofauti kati ya gari lililosimama na gari lililofika. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo wengi wanaogongwa kwa mwendo wa kilometa 30 hupona, na kila mwendo unapopanda juu ya hapo, waponao hupungua upesi. Sasa na itazamwe gharama. Kipande cha barabara chenye meta 300 mbele ya shule hupitwa kwa sekunde 22 hivi katika mwendo wa kilometa 50, na kwa sekunde 36 katika mwendo wa kilometa 30. Hasara ya dereva ni sekunde 14. Dereva huyo huyo akiona shimo mbele yake hupunguza mwendo bila kuamrishwa, kwa kuhurumia springi na matairi. Sekunde anazo; amezitoa kwa shimo. Kinachotafutwa ni kwamba mtoto apewe heshima ambayo shimo limekwisha kupata.

Hata hivyo haitakuwa haki kumfanya dereva kuwa mwovu peke yake. Dereva wa daladala aliyezoea kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hakuvumbua haraka yake mwenyewe. Aliipokea pamoja na ufunguo. Kijana wa bodaboda analipa deni la pikipiki kwa safari, na safari fupi kwa muda humwongezea nyingine. Mhandisi aliyechora barabara pana na nyoofu kupita mbele ya lango la shule aliagizwa apunguze muda wa safari, na katika maagizo yake mtoto hakutajwa. Kila mmoja ana kipande cha kosa, na kila mmoja akionyesha udogo wa kipande chake hutoka akiwa safi. Hapo ndipo neno ajali linapotumika tena, kuzika lililobaki. Lakini kosa lililogawanywa halikuondoka. Watu kumi wakibeba gogo, uzito wa gogo ni ule ule.

Kuna kundi lingine ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni la wenye uwezo. Mzazi mwenye gari, akiona hatari ya barabara, humwondoa mwanawe katika miguu na kumpakia. Au humlipia basi la shule la kumchukua mlangoni. Kwa mtoto wake amefanya jambo jema. Lakini gari lake sasa ni moja zaidi katika barabara ile ile, saa ile ile, mbele ya watoto wa wenziwe waliobaki kwa miguu. Usalama wake ameununua, na sehemu ya bei wamelipa wengine. Madhara yake makubwa zaidi ni ya kimya: mtu ambaye mwanawe hapiti kwa miguu hasumbuliwi na kivuko kilichofutika. Na kwa kuwa wenye sauti katika mipango ya miji mara nyingi ndio wenye magari, kivuko kilichofutika kinaweza kubaki kimefutika mwaka baada ya mwaka bila ya mtu yeyote kukusudia ubaya.

Wasio na sauti wana njia yao ya kusema. Barabara ya vumbi ikitiwa lami, mtaa hushangilia, na shangwe hiyo ni ya haki: vumbi limekwisha, mgonjwa hufika hospitali, bidhaa hushuka bei. Lakini mashimo yaliyokuwa yakipunguza mwendo yameondoka pamoja na vumbi, na hakikuwekwa kitu badala yake. Mtoto akiuawa, wakazi huteremka barabarani kwa hasira, wakapanga mawe na magogo, wakadai tuta. Mara nyingine hulijenga wenyewe usiku kwa udongo na kokoto. Dola huwaona wamevunja sheria, na kweli wameivunja, na tuta lisilo na alama laweza kumwangusha mwendesha pikipiki gizani. Walakini aliyefanya kosa la kwanza si yule aliyepanga mawe. Katika Kiswahili tuta ni la barabarani, na tuta ni la kaburini pia. Na mahali pengi la kwanza hungoja la pili. Serikali ambayo hukubali tuta baada ya maziko imekiri kwa tendo lake kwamba kinga ilikuwapo tangu awali. Lililokosekana ni sababu ya kutosha, na mtoto aliye hai hakuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha.

Kwamba kinga ipo si dhana. Mwaka 1971 nchi ya Uholanzi ilipoteza barabarani watu zaidi ya 3,000 katika mwaka mmoja, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake mdogo mwaka huo, aliandika mwaka 1972 makala iliyotaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Maneno ya kichwa chake, Stop de Kindermoord, yakawa jina la chama cha wazazi. Nguvu ya jina hilo ilikuwa katika neno moja tu: halikusema ajali. Wazazi walifunga njia, watoto waliketi mahali pa magari, na mwaka 1976 sheria ilitambua mitaa ya makazi ambamo magari hulazimika kwenda kwa mwendo wa mguu na watoto wana haki ya kucheza. Kufikia mwaka 2010 hesabu ya watoto waliouawa ilikuwa imeshuka chini ya 20 kwa mwaka. Watoto wa Uholanzi hawakuzaliwa na akili zaidi ya wale wa mwaka 1971. Barabara ndizo zilizobadilika.

Wala haifai kudhani kuwa mambo haya ni ya nchi tajiri tu. Katika Dar es Salaam yenyewe shirika liitwalo Amend lilichungua shule za msingi ambazo watoto wake huumizwa zaidi, likafanya kando yake kazi ndogo ndogo: njia za miguu, matuta, vivuko, alama, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande kando, na mahali pengine lango la shule lilihamishwa kutoka barabara yenye magari mengi. Uchunguzi uliolinganisha shule hizo na nyingine zilizokuwa bado hazijafanyiwa kazi ulionyesha kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa kiasi cha robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Saruji, rangi na nguzo zimekanusha methali. Ajali ambayo robo yake huzuiwa na tuta haikuwa imeandikwa mahali popote isipokuwa katika ramani ya barabara.

Kutokana na haya wajibu wa dola huonekana wazi. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 humlazimu mzazi kumwandikisha mtoto aliyefikia umri wa shule na kuhakikisha kuwa anahudhuria. Na tangu mwaka 2016, ada ya shule za sekondari za umma za kidato cha kwanza hadi cha nne ilipoondolewa, watoto wengi zaidi waliitikia mwito huo. Safari ya mtoto asubuhi basi si matembezi ya hiari. Ni utii kwa amri. Aliyemwamrisha mtu afike mahali hawezi kusema kuwa njia haimhusu. Shule haianzii langoni. Huanzia katika kizingiti cha nyumba ya mwanafunzi, na meta zote zilizo katikati ni sehemu ya darasa. Bunge la Uswidi lilikubali jambo la namna hii mwaka 1997, lilipoamua kuwa shabaha ya barabara zake iwe kutokuwa na kifo hata kimoja, na kwamba wanaozipanga na kuzijenga wana dhamana pamoja na wanaozitumia. Mwezi wa Februari mwaka 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm ulitangaza kilometa 30 kwa saa kuwa kikomo kinachofaa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika. Maazimio hayajengi matuta, lakini huondoa udhuru wa kutojua.

Lugha iliyotoa neno ajali ina neno jingine pia, nalo ni mtaa. Katika Kiswahili mtaa ni njia inayopita kati ya nyumba, na mtaa ni watu wanaokaa katika nyumba hizo. Waliolitumia neno hili kwa maana mbili hawakuona njia kuwa mali ya wapitao kwa kasi, bali sehemu ya maskani. Katika miji ya kale ya pwani baraza za mawe zilijengwa mbele ya nyumba, wazee wakaketi hapo, na mtoto aliyepita alipita mbele ya macho yaliyomjua jina. Miji hiyo haiwezi kurudishwa, wala magari hayataondoka. Lakini swali waliloliuliza wajenzi wake kwa mawe laweza kuulizwa leo kwa saruji na sheria: mpita njia aliye dhaifu kuliko wote atapitaje hapa?

Barabara ya mtaa na ipimwe basi kwa kipimo hicho, si kwa wingi wa magari yanayopita katika saa moja. Kama mtoto wa miaka saba aweza kutoka nyumbani peke yake, akasahau kidogo, akamkimbilia rafiki, akakosea kama watoto wanavyokosea, na bado akafika darasani kabla ya kengele, barabara hiyo ni njema. Kama lazima asikosee hata mara moja, barabara hiyo bado haijakwisha kujengwa, hata kama lami yake imekauka.